Kuhama Chuo Kisangani: Sababu Zinazopita na Namna ya Kuziandika

Ombi la kuhama chuo husomwa kinyumenyume. Mwanafunzi huanza na barua. Huikeshea, huifuta, huiandika tena, kisha ndipo hukusanya karatasi nyingine. Anayeipokea faili hafuati mpangilio huo. Hutafuta kwanza relevé, yaani karatasi ya alama, akaangalia jumla ya alama na uamuzi wa jury ya mitihani, akapitia mihuri, akatazama diploma ya serikali ni ya mwaka gani na ya fani ipi. Barua huifungua mwisho, akiwa tayari ana maswali kichwani, ili aone kama inayajibu. Ukilijua hilo mapema utaacha kuandika barua ya kulilia huruma, utaandika barua yenye majibu.

Nawaandikia hasa vijana wa Kisangani: walio UNIKIS, IFA-Yangambi, ISTM, ISP, ISC na vyuo vya binafsi, pamoja na wale waliofika mjini kutoka Kivu na Ituri wakiwa na mfuko mmoja wa nguo na bahasha ya karatasi. Matokeo ya kikao cha pili cha mitihani yakishabandikwa, wengi huanza kuulizana: nihame au nirudie? Nikihama, nitaambiwa nianze upya? Nieleze ukweli wote au niufunike? Haya ni maswali ya haki, na wanaoyauliza mara nyingi wanapata majibu ya vijiweni tu.

Kwanza ondoa aibu. Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) chenyewe kimepitia kuhama na kuhamishwa. Makanisa ya Kiprotestanti yalikianzisha mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, mji ukiitwa bado Stanleyville. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na masomo yakalazimika kuhamia Léopoldville kwa muda. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikaviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, na vitivo vikagawanywa upya: fasihi na sayansi za jamii zikaenda Lubumbashi, saikolojia na elimu zikaja hapa. Walimu na wanafunzi walifunga mizigo kufuata vitivo vyao; mwandishi V. Y. Mudimbe alikuwa mmoja wa walimu waliotoka Kinshasa kwenda Lubumbashi wakati huo. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981 na kila mji ukarudishiwa chuo chake. Kwa hiyo profesa anayepokea ombi lako hashangazwi na mtu aliyehama. Anachotaka kujua ni kama utamaliza.

Hilo ndilo swali lililo chini ya maswali yote. Kila sababu utakayoiandika inapimwa hapo: je, kilichomkwamisha kule kitamkwamisha na hapa? Na sababu nzuri ni ile ambayo karatasi zako zinaweza kuishuhudia. Sababu nzito isiyo na karatasi hubaki kuwa hadithi, na aliye mezani amezisikia hadithi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za kutungwa. Hana njia ya kuzitenganisha isipokuwa kwa kulinganisha unachosema na kilichoandikwa.

Tuanze na vita, kwa kuwa ndiyo sababu ya wengi waliofika hapa karibuni. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Mwanafunzi aliyetoka huko hana haja ya kurasa mbili za kusimulia milio ya risasi. Aliye mezani anajua, na huenda naye ana ndugu walioko huko. Asichokijua ni ulikuwa umefika wapi katika masomo siku ulipoondoka. Mwandikie hivyo: ulikuwa muhula gani, kozi zipi zilikwisha kufanyiwa mtihani, matokeo yapi yalitangazwa na yapi hayakutangazwa. Kisha weka chochote ulichonacho kinachothibitisha: kadi ya mwanafunzi, risiti za benki za minervali (ada ya masomo), relevé ya mwaka uliotangulia, picha za simu za orodha zilizobandikwa ukutani, barua ya mwalimu aliyekufundisha na ambaye sasa yuko Kisangani, Beni au Kinshasa. Kama relevé rasmi haipatikani, sema haipatikani, na uombe uruhusiwe kuhudhuria masomo huku chuo kikiandikiana na chuo chako cha zamani. Ombi la namna hiyo ni jepesi kukubaliwa kuliko ombi la kutambuliwa mwaka ambao haukuisha. Kosa linaloumiza wengi waliokimbia ni kudai wamefaulu muhula uliokatika katikati. Siku ukweli ukijulikana, hata ile sehemu yako iliyokuwa safi haiaminiki tena.

Kuna pia machafuko ya karibu zaidi. Tangu Februari 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola umezifukuza familia nyingi kutoka Lubunga na njia ya Ubundu, zikavuka mto kuja ng'ambo hii. Kijana ambaye nyumba yao ilichomwa na ambaye alisoma mwaka mzima akilala kwa jamaa hana sababu ya kuhama chuo kwa hilo peke yake, maana chuo kiko pale pale. Lakini ana maelezo halali ya mwaka mbovu, na maelezo hayo yanastahili mistari mitatu katika barua yake, pamoja na karatasi ya mkuu wa mtaa au ya kambi alikoandikishwa.

Sababu inayopendwa zaidi na wanaopokea wanafunzi ni kubadili fani. Ajabu ni kwamba ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Mwanafunzi wa uuguzi wa ISTM anataka kuingia udaktari UNIKIS. Mwanafunzi wa IFA amegundua kwamba moyo wake uko kwenye misitu na wanyama kuliko kwenye mashamba, na kitivo cha usimamizi wa maliasili cha UNIKIS kiko mji huu huu. Sababu hizi zina nguvu kwa sababu zinaonyesha mtu anaelekea mahali. Lakini wengi huzimaliza kwa maneno matupu: «tangu utoto nilitamani kuwa daktari». Kama ulitamani tangu utoto, msomaji atauliza, mbona ulijiandikisha kwingine? Mjibu kabla hajauliza. Pengine hukupita mtihani wa kuingia. Pengine baba alikuwa na minervali ya ISTM tu. Pengine hukujua tofauti ya kazi hizo mbili mpaka ulipofika wodini kwenye stage, yaani mafunzo ya vitendo. Majibu hayo yote ni ya heshima.

Lazima pia ukubali bei yake. Ukihama kutoka uuguzi kwenda udaktari, mara nyingi utaanza mwaka wa kwanza, na kozi zenye majina yanayofanana hazihesabiwi moja kwa moja. Anatomia ya muuguzi na ya daktari hazina saa sawa wala kina sawa. Kutoka kilimo kwenda maliasili matumaini ni makubwa zaidi, kwa kuwa botania, kemia, takwimu na ekolojia zinakaribiana, ila uamuzi ni wa kitivo kinachokupokea. Mwombaji anayeandika kwamba yuko tayari kuanza chini husikilizwa vizuri kuliko anayeanza kwa kudai haki ya kuingia mwaka wa pili.

Sasa tufike kwenye jambo gumu: kushindwa. Wengi wanaohama wanahama kwa sababu hawakupita, na karibu wote wanajaribu kulificha hilo nyuma ya sababu nyingine. Wanaandika mazingira, umbali, afya, wito wa maisha. Relevé iko juu ya faili, imeandikwa «ajourné», yaani hakupita. Mficha uchi hazai. Ombi linaloficha kushindwa linakataliwa mara mbili, kwa alama na kwa kukosa uaminifu, wakati lile linalosema wazi linabaki na tatizo la alama peke yake.

Namna ya kulisema ni fupi. Sema kilichotokea, bila kumlaumu mwalimu. Sema umebadilisha nini tangu hapo. Halafu onyesha dalili yoyote kwamba badiliko hilo limeanza kuzaa: alama za kikao cha pili zilizopanda, kozi ngumu uliyoirudia ukapita, kazi uliyoacha ili upate muda wa kusoma. Kijana aliyekuwa akiendesha pikipiki usiku ili ajilipie, akapata alama mbovu muhula wa kwanza na nzuri muhula wa pili baada ya dada yake kuanza kumsaidia, ana hadithi ambayo relevé yenyewe inaisimulia kwa nambari. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji azitazame hizo nambari.

Kuna mipaka lakini. Aliyeshindwa mwaka hawezi kutumia kuhama kama ngazi ya kupandia mwaka unaofuata. Chuo chenye heshima hakikubali, na chuo kinachokubali kwa urahisi kikuogopeshe, kwa sababu siku ya kuhakikiwa diploma zako mwaka ule ulioruka utaonekana. Aliyeandikiwa NAF, yaani haruhusiwi tena kuendelea katika fani hiyo, asiende kuomba fani ile ile chuo jirani kwa kujidai mgeni. Aombe fani nyingine, aanze mwaka wa kwanza, na aseme kwa nini fani hii mpya inamfaa. Na wapo wasiopaswa kuhama hata kidogo. Kama unaamini alama zako zimekosewa, njia ni recours, yaani rufaa, ndani ya siku zilizowekwa na chuo, kwa barua inayotaja kozi na kosa lenyewe. Kama umebakiwa na kozi mbili, zimalize hapo ulipo. Kuhama mji mzima kwa ajili ya kozi mbili ni hasara, na nimewaona wanaoijutia.

Fedha ni sababu ya kweli kwa wengi wetu, lakini mbele ya anayepokea ina mtego. Ukisema «nimehama kwa kukosa minervali», swali lake la kwanza ni: hapa nani atalipa? Kwa hiyo usiiache sababu hiyo peke yake. Ongeza jibu: kwamba Kisangani utakaa kwa mjomba aliye Mangobo bila kodi, kwamba shangazi ameandika barua ya kukugharimia na nakala ya kitambulisho chake ipo, kwamba ada za taasisi hii ni nafuu kuliko za ile. Na kabla ya yote lipa deni la nyuma. Vyuo vingi haviachii relevé mpaka minervali yote ilipwe, na mwanafunzi anayehama akiwa na deni hujikuta katikati ya mto: kule hapewi karatasi, huku hapokelewi bila karatasi. Zungumza na apparitorat, yaani ofisi ya uandikishaji, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Ndoa, kuhamishwa kwa mzazi kikazi, ugonjwa: hizi zinaeleweka, ziandike kwa mstari mmoja na karatasi moja kila moja. Cheti cha ndoa, barua ya kazi ya mzazi, karatasi ya daktari. Usiongeze chumvi.

Malalamiko dhidi ya chuo unachokiacha yanahitaji uangalifu mkubwa. Migomo, walimu wasiofika, kozi za mwaka mzima zinazobanwa wiki mbili kwa sababu profesa mgeni ana siku chache. Yote hayo yapo, na kila mtu anayajua. Lakini kumbuka walimu wetu wanazunguka. Profesa wa UNIKIS anafundisha Bunia, Isiro, Buta au Kindu, na huyo unayemsema vibaya anaweza kuwa rafiki wa aliyeshika barua yako, au yeye mwenyewe. Andika unachokitafuta badala ya unachokikimbia: maabara, walimu wa kudumu wa fani fulani, maktaba, kikundi cha utafiti. Aliye mezani ataelewa kilichokosekana kule bila wewe kukitaja.

Lakini lipo jambo moja ambalo sitaki msichana yeyote alimeze kimya kwa sababu ya ushauri huu. Wapo wanaoacha vyuo vyao kwa sababu mwalimu alitaka mwili kwa ajili ya pointi. Kongo nzima inalijua jambo hilo na kulipachika majina ya mzaha, na mzaha huo umewasaidia wakosaji kuliko waliokosewa. Sheria namba 06/018 ya Julai 20, 2006 inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Shauri langu ni kuzitenga faili mbili. Malalamiko yaende kwa njia yake: kwa uongozi wa chuo, kwa wakili, kwa chama cha wanawake kinachosaidia, pamoja na ujumbe wa simu na mashahidi ulionao. Barua ya kuhama iseme tu kwamba mazingira ya masomo yaliathiri usalama wako na kwamba uko tayari kueleza kwa faragha. Huna deni la kumsimulia karani wa uandikishaji yaliyokupata. Na kama alama za kozi ya mtu huyo ndizo zilizokuangusha, omba kuonana na mkuu wa kitivo ana kwa ana, ukiwa na mtu mzima unayemwamini.

Sababu nyingine yenye haraka ni kugundua kwamba taasisi unayosoma haitambuliwi. Wizara ya Elimu ya Juu imewahi kufunga taasisi zilizopimwa zikaonekana haziwezi kufundisha, na wanaobaki na machungu ni wanafunzi wenye relevé zisizopokelewa popote. Kabla ya kulipa faranga moja, uliza kuhusu kibali cha wizara: namba yake na tarehe yake, na kinahusu fani ipi. Taasisi inaweza kuwa na kibali cha fani tatu ikafundisha tano. Ukigundua umeshaingia, usisubiri mwaka uishe kwa matumaini kwamba mambo yatanyooka. Nenda kwenye chuo kinachotambulika na ueleze wazi. Yaelekea utaanza upya, na kuanza upya ukiwa na miaka 20 ni nafuu kuliko kufukuzia diploma isiyosajiliwa ukiwa na miaka 27.

Tuingie kwenye karatasi zenyewe. Chukua relevé yako uitazame kama atakavyoitazama mwingine. Juu kuna jina la chuo, kitivo na promosheni. Jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye diploma ya serikali? Herufi moja inayokosekana katika jina la ukoo inatosha kuzuia faili wiki kadhaa, na kulisahihisha ukiwa bado karibu na chuo hicho ni rahisi mno kuliko kulisahihisha ukiwa Kinshasa. Shuka kwenye kozi: kila moja ina saa au kredi? Alama zina kipimo, juu ya 20 au juu ya 100? Chini kabisa: uamuzi wa jury, kikao gani, tarehe, saini za wahusika wa kitivo, muhuri uliokaa juu ya saini na si pembeni. Relevé isiyo na tarehe ni karatasi ya mashaka. Iliyofutwafutwa ni mbaya zaidi, hata kama aliyefuta ni karani mwenyewe; omba nyingine.

Weka pamoja diploma ya serikali au cheti chake cha muda, relevé za miaka yote na siyo ule mzuri peke yake, cheti cha kuhudhuria masomo, cheti cha tabia njema, cheti cha kuzaliwa, na picha. Ongeza kitu ambacho hakuna anayekuomba lakini kinafungua milango: maelezo ya kozi, kurasa za mwanzo za kila silabasi zinazoonyesha sura zinazofundishwa. Mkuu wa idara anayetakiwa kuamua kama takwimu yako inalingana na yake hawezi kuamua kwa jina tu. Mpe sura, ataamua kwa dakika tano.

Usinunue karatasi. Vyuo huandikiana kuhakikisha, na jibu likija vibaya hata miaka miwili baadaye, unafutwa pamoja na yote uliyoyasoma kwa jasho lako.

Kuhusu mfumo wa LMD, ulioanzishwa katika vyuo vyote vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mambo yamekuwa rahisi kwa upande mmoja. Mwaka una kredi 60, muhula 30; licence ni miaka mitatu na kredi 180, master miaka miwili na kredi 120. Kredi ulizopata ni zako, na ndizo zinazojadiliwa kwenye uhamisho. Hesabu yako ya kwanza basi iwe hii: nimepata kredi ngapi, katika kozi zipi, na ngapi kati yake zimo katika programu ninayoiendea? Kozi za jumla kama Kifaransa, Kiingereza, kompyuta na elimu ya uraia huhama kwa urahisi. Kozi za msingi za fani huhama kama saa na sura zinakaribiana. Kozi uliyobaki na deni haihami hata kidogo, na huenda chuo kipya hakina kozi hiyo, kwa hiyo ilipe kabla hujaondoka.

Angalia pia neno moja linaloleta mkanganyiko. Zamani L1 ilikuwa mwaka wa nne, baada ya graduat ya miaka mitatu. Leo L1 ni mwaka wa kwanza. Andika daima «L1 LMD» na mwaka wa masomo pembeni, hasa kama faili inakwenda mkoa mwingine au nje ya nchi.

Barua yenyewe itakwenda kwa Kifaransa, kwa Katibu Mkuu wa Masomo wa chuo. Lakini ifikirie kwanza katika lugha unayoizungumza nyumbani, maana Kifaransa cha ofisini kinaficha ukosefu wa mawazo. Tazama sentensi hii, ambayo kwa namna moja au nyingine imo katika barua nyingi: «Kwa unyenyekevu mkubwa naja mbele ya mamlaka yako tukufu kuomba nafasi katika chuo chako chenye sifa kila mahali, kwa kuwa nilitamani tangu utoto kuwa daktari na mahali nilipo mazingira si mazuri.» Haina hata jambo moja linaloweza kuhakikiwa. Sasa soma hii:

«Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Masomo, nimemaliza L1 LMD ya uuguzi, mwaka 2023-2024, nikiwa na kredi zote 60. Naomba kuandikishwa mwaka wa kwanza wa udaktari. Mwaka 2023 niliomba udaktari sikupita mtihani wa kuingia. Niko tayari kuufanya tena. Katika stage yangu kwenye wodi ya watoto nilijikuta kila mara nataka kujua ugonjwa umetambuliwaje, na alama zangu za anatomia na fiziolojia, zilizo kwenye relevé, zinaonyesha naweza kulifuata swali hilo. Naelewa kwamba naanza upya. Mjomba wangu, ambaye barua yake nimeiambatisha, ndiye atakayelipa minervali.»

Ya pili haina hata neno moja la kusifu, na bado ina adabu. Imesema aliko, anakotaka, kwa nini hakwenda mwanzoni, nini kimebadilika, karatasi ipi inathibitisha, na nani analipa. Haifiki nusu ukurasa. Mama au papa akikwambia barua fupi ni dharau, mweleze kwa upole kwamba aliye mezani ana rundo la faili na siku chache.

Siku hizo chache ndizo zinazowaangusha wengine. Waliosoma kwingine huandikishwa kwa njia ya pekee, inayoitwa inscription spéciale, na tarehe zake hufuata maelekezo ya mwaka ya wizara na kalenda ya chuo. Usingoje tangazo ndipo utafute relevé. Anayetoka Kinshasa akituma karatasi kwa mashua ya baleinière kupanda mto, zaidi ya kilomita 1,700, hajui zitafika wiki gani. Na barabara ya Bafwasende mvua ikinyesha ni habari nyingine. Peleka nakala kwa simu kwanza ili zisomwe, halisi zifuate kwa mkono wa mtu unayemfahamu, na ubaki na nakala zako zilizothibitishwa.

Neno kwa wanaotazama ng'ambo ya mpaka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2017 eneo moja la elimu ya juu. Hilo halimaanishi kwamba kredi za Kisangani zinaingia Kampala au Dar es Salaam zenyewe. Nchini Uganda, UNEB, baraza la mitihani, ndiyo inayolinganisha diploma ya serikali, na NCHE, baraza la elimu ya juu, vyeti vya juu. Nchini Tanzania, kazi hiyo ni ya NECTA kwa sekondari na TCU kwa vyuo. Kila relevé itahitaji tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri anayetambulika, na maelezo ya kozi niliyoyataja hapo juu yatakuwa ya lazima. Kiandikie chuo barua pepe, upate jibu la maandishi kuhusu mwaka utakaoingia, ndipo uuze pikipiki ya familia.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umekwisha kuamua, nenda apparitorat kesho asubuhi ukaombe relevé za miaka yako yote, hata kama kuhama kwenyewe ni kwa mwakani. Usiondoke mjini bila hizo karatasi mkononi.